Utalii wa kimataifa na uchumi: fedha ya mgeni inalala wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilifanya kazi miaka minane katika stoo ya hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Kazi yangu ilikuwa kupokea mzigo: kupima, kuhesabu, kutia saini. Kila idadi ya watalii inapotangazwa redioni, jirani zangu huja barazani kwangu na swali lile lile kwa sura tofauti: wageni wamekuwa wengi hivi, mbona mfuko wangu ni ule ule? Nimeyakusanya maswali hayo hapa, pamoja na mengine ninayoandikiwa na watu wa Arusha, Mombasa na Kigali. Nayajibu kwa kulinganisha nchi ambazo utalii umezijenga kwa njia tofauti kabisa. Mimi mwenyewe katika kila jibu natafuta kitu kimoja: mgeni akishaondoka, fedha yake imelala wapi.

Mtalii wa kimataifa ni nani hasa?

Kwa hesabu za Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Madrid, ni mtu aliyevuka mpaka, akalala nchi nyingine angalau usiku mmoja, akakaa chini ya mwaka, na hakwenda huko kuajiriwa. Humo anaingia Mjerumani aliyekuja kuogelea Nungwi. Anaingia pia Mkenya aliyekuja kumzika shangazi yake Tanga, na Mrundi aliyeshuka basi Dar es Salaam kufuata vitenge Kariakoo. Kenya na Burundi ni miongoni mwa nchi zinazoleta wageni wengi zaidi Tanzania, ingawa kijijini kwetu ukisema mtalii kila mtu anamwona Mzungu mwenye kofia. Mrundi yule hakulala hoteli ya nyota tano, lakini alichotumia kimebaki kwa mwenye gesti, mama ntilie na muuza vitenge.

Kwa nini wachumi wanauhesabu utalii kama mauzo ya nje, na hakuna kinachopakiwa melini?

Kwa sababu fedha ya kigeni inaingia vile vile. Ukiuza karafuu Singapore, karafuu inaondoka na dola inakuja. Mgeni akila pweza Jambiani, dola imekuja na pweza hakupanda meli. Dola hiyo ndiyo nchi inayonunulia mafuta, dawa, ngano na mitambo. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1, na mapato ya utalii yakakaribia dola bilioni 4. Kwetu utalii unashindana na dhahabu kwa nafasi ya kwanza katika kuingiza fedha za kigeni.

Ila mnunuzi wa karafuu haji shambani. Mnunuzi wa utalii anakuja mwenyewe, anaoga kwa maji yetu, anatuachia chupa zake, na akiona kitu kimemchukiza anawasimulia wenzake dunia nzima kabla hajafika uwanja wa ndege.

Nchi yenye wageni wengi ndiyo inayopata fedha nyingi?

Si lazima. Ufaransa inaongoza dunia kwa idadi, wageni wapatao milioni 100 kwa mwaka. Hispania inafuata, karibu milioni 94 mwaka 2024. Ukigeukia mapato, Marekani ndiyo ya kwanza, na Hispania inaipita Ufaransa. Mholanzi anayeendesha gari kwenda kuota jua Hispania hulala usiku mmoja njiani Ufaransa. Amehesabiwa; amenunua mkate na petroli; kesho yupo kwingine, na huko atakaa wiki mbili. Kwa hiyo ukisikia nchi imevunja rekodi ya idadi, uliza walilala siku ngapi.

Utalii wa Ufaransa na wa Maldivi una tofauti gani? Wote si watalii tu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake liko kwenye sahani ya kifunguakinywa.

Chukua sahani ya hoteli ya kawaida mjini Paris. Mkate ni wa ngano ya Ufaransa, siagi ni ya Normandie, jibini ni ya huko huko, jemu vivyo hivyo. Treni ya mwendo kasi iliyomleta mgeni imeundwa Ufaransa. Mvinyo atakaokunywa jioni umetoka kwenye mizabibu inayoonekana dirishani mwa treni hiyo. Labda kahawa tu ndiyo imevuka bahari. Euro ya mgeni ikishuka mezani inapita kwa mwoka mikate, kwa msaga ngano, kwa mkulima, kwa fundi wa matrekta, na wote hao ni raia wanaolipa kodi mahali pamoja. Tena wote hao wangekuwa na kazi hata kama mtalii asingekuja, kwa kuwa Ufaransa inauza ndege, dawa, magari na mvinyo dunia nzima. Utalii kwao ni sehemu ndogo ya uchumi, takriban asilimia 7 hadi 8.

Sasa nenda Maldivi, visiwa takriban 1,190 katikati ya Bahari ya Hindi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu laki tano na kidogo, na karibu robo yao walikuwa wafanyakazi wa kigeni. Zamani waliishi kwa samaki, hasa jodari. Mwaka 1972 wakafungua hoteli yao ya kwanza ya kitalii katika kisiwa kisichokaliwa na watu, na leo wanapokea wageni zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Hesabu mwenyewe: wageni wanne kwa kila mkazi. Lakini sahani ya pale ngano yake imetoka nje, siagi nje, mayai nje, kitunguu nje, na hata dizeli inayogandisha barafu imeletwa kwa meli. Chao ni samaki, nazi, na ile bahari yenyewe. Dola inaingia asubuhi, na sehemu kubwa inaondoka jioni kulipia chakula cha kesho.

Lakini sitaki mtu asome hapa akadhani Maldivi wamepoteza. Mwaka 2011 walitoka katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na utalii ndio uliowatoa. Kipato cha mtu wa kawaida kule kinatuacha mbali sisi wa Afrika Mashariki. Wamejenga nyumba nzuri juu ya nguzo moja, na nguzo ile ikitikisika hakuna ya pili. Nitarudi hapo chini kwenye swali la mwaka 2020.

Watu husema fedha ya utalii "inavuja". Inavujaje?

Lori lilikuwa linafika saa moja asubuhi kutoka bandari ya Malindi, hapa hapa mjini Unguja. Nashusha matenga ya tungule (nyanya) za Lushoto, kabichi, viazi na vitunguu, vyote vimevuka kwa boti kutoka bara. Hapo sina ugomvi, ni ndugu zetu. Kisha yanakuja maboksi: siagi za vipakiti vidogo, kila kimoja cha mtu mmoja, jemu za vikopo, jibini, nyama za kukaangia asubuhi, na juisi ya maboksi. Juisi ya embe. Hatua hamsini kutoka getini palikuwa na mwembe wa mzee jirani umeinama kwa uzito, na maembe mengine yakioza chini, nzi wamejaa.

Siku moja nikamuuliza shefu. Hakukasirika. Akaniambia: "Ndugu yangu, mwembe ule unazaa miezi mitatu, mimi nina wageni miezi kumi. Na yule mzee hana risiti, wala hawezi kungoja malipo siku arobaini na tano." Alikuwa anasema kweli, na ukweli huo uliniuma kuliko kama angekuwa na dharau. Fedha ya embe haikuibwa na mtu. Ilipita mbele ya mwembe kwa kukosa mashine ya kukamulia, jokofu na mkopo mdogo.

Njia ya pili ya kuvuja iko mbali na macho yetu. Familia ya Milan inalipia safari nzima kwa wakala wa kwao: ndege, gari, chumba, chakula na vinywaji. Ndege ni ya huko, wakala ni wa huko. Hoteli ikiwa mali ya kampuni hiyo hiyo, kinachotumwa huku ni cha mishahara, umeme, kodi na mboga. Mgeni anafungwa utepe mkononi. Chakula ameshakilipia, kwa nini atoke nje ya geti kununua urojo wa Bi Mkubwa?

Mwenye hoteli wa kigeni hakufanya kosa kuja. Alileta mtaji ambao sisi hatukuwa nao, na mishahara yake imesomesha watoto, wangu wakiwemo. Ninachokitafuta ni nyuzi ngapi zinaifunga hoteli ile na kijiji kile: samaki, mayai, fenicha, dobi, ngoma, fundi bomba. Kila uzi mmoja ni nyumba moja inayopata ugali.

Kuna nchi iliyowahi kubadilisha mkondo huo?

Maldivi wenyewe. Kwa miongo mingi sera yao ilikuwa kisiwa kimoja, hoteli moja. Wageni walikaa visiwa vya hoteli, wananchi walikaa visiwa vyao, na hawakukutana ila kazini. Baada ya mabadiliko ya kisiasa ya mwaka 2008, sheria ikalegezwa na wananchi wakaruhusiwa kufungua nyumba za wageni katika visiwa wanavyoishi. Kisiwa kama Maafushi kikabadilika mbele ya macho. Leo nchini kote kuna nyumba za wageni mamia, nyingi zikiwa mali ya familia. Ni nchi ya Kiislamu, pombe haiuzwi katika visiwa vinavyokaliwa, na mgeni anayetaka kuvaa nguo za kuogelea ametengewa ufukwe wake. Watu wa Unguja wanaoniambia kwamba heshima na biashara haviwezi kukaa nyumba moja, nawaomba waangalie kule.

Wanatoza pia kodi ya mazingira kwa kila usiku mgeni anaolala, na tangu Januari 2025 kiwango cha hoteli kubwa ni dola 12. Na hoteli zinatakiwa kutoza malipo ya huduma yasiyopungua asilimia 10, yanayogawiwa wafanyakazi. Kwa mhudumu wa chumba, kipengele hicho kina uzito kuliko hotuba yoyote ya waziri.

Basi tupandishe bei, waje wachache wenye fedha. Si ndivyo Rwanda walivyofanya?

Walifanya, na kwao kimefaulu, lakini tazama wanauza nini. Mwezi Mei 2017 kibali cha kuwaona gorila wa milimani kilipanda kutoka dola 750 hadi 1,500. Mgeni analipa hiyo kwa saa moja tu na wanyama, katika kikundi cha watu wasiozidi wanane. Gorila wa milimani wamesalia elfu moja na kidogo duniani kote, na wanapatikana Rwanda, Uganda na Kongo tu. Asiyetaka kulipa hana pa kwenda ila kwa jirani. Na kweli wako wanaoshuka Kigali, wakapanda gari hadi Bwindi, Uganda, ambako kibali ni dola 800.

Ninalowasifia zaidi Wanyarwanda ni lingine. Tangu mwaka 2005 fungu la mapato ya hifadhi hurudi kwenye vijiji vinavyozizunguka, kwanza asilimia 5, na bei ilipopanda mwaka 2017 wakaliongeza kuwa 10. Madarasa, maji na zahanati vimejengwa kwa fungu hilo. Mtu aliyekuwa anatega mitego msituni ana sababu ya kumlinda mnyama yule.

Bhutan, ufalme mdogo wa milima ya Himalaya, umetoza wageni ada ya kila siku kwa miongo mingi. Mwaka 2022 wakaipandisha kutoka dola 65 hadi 200, mwaka uliofuata wakaishusha hadi 100 baada ya wageni kupungua. Waliweza kujaribu hivyo kwa kuwa wana kitu kingine mfukoni: umeme wa maji wanaowauzia India. Nchi ambayo mshahara wa mwalimu unategemea watalii wa mwezi huu haiwezi kucheza na bei namna hiyo. Na fukwe? Mchanga mweupe upo Mombasa, upo Shelisheli, upo Karibea. Ukipandisha bei ya ufukwe kama ya gorila, mgeni anabadilisha tiketi tu.

Ni utalii gani kwetu unaomfikishia mtu wa kawaida fedha nyingi?

Mlima Kilimanjaro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba katika kila dola 100 wanazotumia nchini wapanda mlima, takriban 28 zinafika kwa watu maskini, na kwa safari za mbugani za kaskazini ni takriban 18. Haishangazi ukisimama geti la Machame asubuhi. Mgeni mmoja ana wapagazi watatu au zaidi, mpishi, kiongozi na msaidizi. Wapagazi wenyewe wanajiita wagumu. Hema linabebwa kichwani, gesi kichwani, mayai kichwani, na mayai hayo, karoti na ndizi vimenunuliwa sokoni Moshi. Hakuna lifti ya kumpandisha mtu Uhuru. Kila hatua inahitaji miguu ya mtu wa Rombo, Machame au Old Moshi.

Lakini mwaka huo si kwamba wote walilipwa vizuri, na leo bado. Wako wagumu wanaopanda na viatu vya mtumba vilivyotoboka, wakashuka na bahshishi iliyokwisha kukatwa njiani. Mgeni anayesoma hapa kwa msaada wa ndugu yake wa Kiswahili: mkabidhi mpagazi bahshishi yake mkononi, kila mtu na yake, mbele ya wenzake.

Na Wamasai? Wanyama wako kwenye ardhi yao.

Majibu ni tofauti kila upande wa mpaka. Kenya, Hifadhi ya Masai Mara iko chini ya Kaunti ya Narok, na kiingilio cha mgeni asiye mkazi tangu 2024 ni dola 100 kwa siku katika nusu ya kwanza ya mwaka na 200 katika nusu ya pili, wakati wa msafara wa nyumbu. Pembezoni mwa hifadhi kuna hifadhi za jamii, kama Mara Naboisho. Wamiliki wa ardhi wa Kimasai wameunganisha maeneo yao, wakayakodisha kwa kambi za kitalii, na wanalipwa kodi ya ardhi yao. Mwenye eka zake anapata fedha iwe wageni wamejaa au hawakujaa. Huo ni mkataba wa mwenye mali, na ni tofauti sana na mtu wa kucheza ngoma getini akisubiri noti.

Ngorongoro, Tanzania, watu na wanyama wamewekwa pamoja kisheria tangu mwaka 1959. Tangu 2022 serikali imekuwa ikihamisha kaya kwenda Msomera, Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari na kwa ajili ya kuokoa hifadhi; Wamasai wengi wamepinga, na Agosti 2024 walifunga barabara wakiandamana. Maoni yangu, na ni yangu: mtu ambaye ng'ombe wake ndio waliozoeana na wanyamapori vizazi na vizazi alistahili kukaa mezani kama mbia tangu siku ya kwanza.

Wageni wakikatika ghafla kunakuwaje?

Mwaka 2019 watu karibu bilioni 1.5 walivuka mipaka kama watalii. Mwaka 2020 wakabaki kama milioni 400. Uchumi wa Ufaransa ulishuka kwa asilimia kama 8, wa Hispania kama 11. Wa Maldivi ulishuka kwa karibu theluthi moja, katika mwaka mmoja. Ile nguzo moja niliyoitaja.

Kwetu hoteli ilifungwa Machi. Nilibakizwa mimi na walinzi. Nilikuwa naingia stoo na daftari, nahesabu vipakiti vya siagi vinavyoisha muda, navitoa, navifukia. Nje, vijana waliokuwa wahudumu wa baa walirudi baharini na ngarawa za baba zao, na wanawake waliokuwa wameacha mwani wakarudi kupiga mambo, vile vigingi vya kufungia mwani, mchangani. Kijiji hakikufa njaa kwa sababu bahari ilikuwa bado inajua majina yetu. Wafanyakazi waliotoka bara wakapanga vyumba hapa hawakuwa na ngarawa, na wao ndio walioteseka.

Zanzibar ilifungua mapema, na wageni wa Urusi na Ukraine wakajaza pengo kwa ndege za kukodi. Februari 2022 vita vikaanza, mamia ya Waukraine wakakwama visiwani, na soko lile likakatika tena kwa jambo lililotokea maelfu ya kilomita kutoka Kiwengwa.

Hispania inapata fedha zote hizo. Mbona wananchi wanaandamana?

Nyumba. Utalii ni zaidi ya asilimia 12 ya uchumi wao, lakini mwenye nyumba Barcelona akigundua kwamba mtalii wa siku tano analipa kama mpangaji wa mwezi, mpangaji anatolewa. Aprili 2024 visiwa vya Kanari viliandamana. Julai mwaka huo Barcelona watu wakawarushia watalii maji kwa bastola za watoto. Manispaa ya jiji hilo imetangaza kufuta leseni za nyumba za kupangisha watalii, zipatazo 10,000, ifikapo Novemba 2028. Venice, Italia, hali imekwenda mbali zaidi: mji mkongwe ulikuwa na wakazi wapatao 175,000 miaka ya mwanzo ya 1950, sasa hawafiki 50,000.

Mkaazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar anayesoma haya anaelewa bila mimi kuongeza. Nyumba ngapi za mtaa wako zilikuwa na watoto wakicheza barazani, na sasa zina kibao cha hoteli?

Je, utalii unaua kilimo na uvuvi?

Unavuta watu kwanza. Kijana akipata kwa wiki moja ya kubeba mizigo hotelini kile ambacho konde lilimpa kwa mwezi, atakwenda, nani amlaumu? Zanzibar iliwahi kutegemea karafuu karibu peke yake, bei ikaanguka, na tukajifunza kwa uchungu. Mwani ulianza kulimwa kibiashara pwani ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa mara ya kwanza wanawake wa Paje na Jambiani wakashika fedha yao wenyewe. Bei ya mwani ni ndogo, maji yanazidi kuwa na joto na mwani unakufa, na sasa maeneo ya kuanikia yanagombewa na vitanda vya kuotea jua. Hata hivyo wako akina mama wanaosaga mwani ule ule wakatengeneza sabuni, na mgeni ananunua kipande kimoja kwa bei ya kilo kadhaa za mwani mkavu. Hapo utalii umekilisha kilimo.

Mapapasi wa ufukweni, wale vijana wanaowafuata wageni kuwauzia vitu, ni faida au hasara?

Wanaudhi wageni, sikatai. Lakini dola wanayoipata ni miongoni mwa chache zinazolala kijijini usiku ule ule. Wapewe vitambulisho, wafundishwe, wapangiwe eneo. Kuwafukuza na mbwa hakujasaidia hoteli yoyote ninayoijua.

Binti yangu amemaliza kidato cha nne, anataka kusomea utalii. Nimruhusu?

Mruhusu, mzazi mwenzangu, ila ukae naye muongee. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, wana kampasi yao ya utalii Maruhubi. Kwa walio Kenya, Chuo cha Utalii Nairobi kimefundisha tangu miaka ya 1970. Asijifunze kupokea wageni tu. Asome uhasibu, manunuzi, upishi, na namna bei za vyumba zinavyopangwa, kwani maamuzi ya fedha inalala wapi yanafanywa na watu wa ofisi hizo, na ofisi hizo kwetu bado zimeshikwa na watu wengi kutoka nje ya nchi. Lugha ya tatu baada ya Kiingereza ni mtaji: Kifaransa, Kiitaliano, Kipolandi hata. Na usiogope maneno ya watu kuhusu mabinti wa hotelini. Niliofanya nao kazi walikuwa wakiamka alfajiri, wakipanda daladala gizani, na kujenga nyumba za mama zao.

Nina bustani ya mboga. Nawezaje kuuza hotelini?

Usiende peke yako. Kosa nililoliona mara nyingi ni mtu mmoja kuleta matenga mawili mazuri Jumatatu, na Alhamisi hana kitu. Hoteli inanunua uhakika. Ungeni watu wanane au kumi, pandeni kwa zamu ili kila wiki kuna anayevuna, sajilini kikundi, fungueni akaunti, muwe na risiti ya kielektroniki. Uliza malipo yanachukua siku ngapi kabla ya kupeleka hata fungu moja la mchicha; zikiwa arobaini na tano, kikundi kiwe na akiba ya kuwalipa wanachama wiki ya kwanza, la sivyo kitavunjika kwa njaa na si kwa uvivu.

Chagueni mboga ya saizi moja. Mikungu ya ndizi, majani ya mnanaa, pilipili hoho na mapapai vilikuwa vinanunuliwa kila siku, na kwa vitu hivyo bara haiwezi kumshinda mtu wa jirani kwa ubichi. Msimu wa masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani hufunga, kwa hiyo msipande kuvunia wakati huo isipokuwa mna soko Mwanakwerekwe. Na mje mapema. Ikifika saa tatu asubuhi shefu ameshapiga simu Malindi.